Jani la Chuma

Mwalimu Anyosisye alikuja na mfuko wa rambo,
ndani yake diski, imevikwa soksi ya mtoto.
"Ardhi ilipotikisika usiku ule," akasema,
"kompyuta ilikuwa inafanya kazi. Ikaanguka.
Sasa inalia ka, ka, ka,
kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Humo ndani, miaka kumi na tisa ya mvua:
kila siku saa tatu asubuhi, Isyesye,
chupa ya kupimia, milimita, tarehe.

Nikamwambia asinitegemee sana.
Nikangoja mvua ya kwanza ipige,
maana vumbi la Mwanjelwa halina likizo,
na kwa diski chembe ya vumbi ni jabali.
Alfajiri, blanketi mbichi dirishani,
nikafungua skrubu sita.

Tazama.
Sahani inang'aa kuliko kioo cha kinyozi,
juu yake mkono,
na mwisho wa mkono jani la chuma,
jembamba, nusu ya unene wa unywele.

Simjui aliyelichora.
Sijui kama siku hiyo alikuwa na mafua,
kama bosi alimrudishia mchoro mara saba.
Lakini mwandiko wake nausoma:
kingo amezikunja, kama migongo ya bati,
lisiyumbe kwenda kando;
katikati ametoboa, uzito upungue;
penye kiwiko amelainisha, liiname na kuinuka
bila kubisha.
Gumu huku, laini kule, chuma kilekile.
Jaribu wewe kumlea mtoto hivyo.

Na chini yake kidutu,
kidogo kuliko jicho la sisimizi,
kinakibonyeza kichwa cha kusomea
kwa uzito wa punje nane za mahindi.
Zikizidi, kichwa kinakwangua.
Zikipungua, kinapeperuka, hakisikii neno.
Punje nane zinasukuma chini,
upepo wa sahani unasukuma juu,
na kichwa kinaelea katikati ya ubishi huo,
sahani ikipita chini yake
kwa mwendo wa lori linaloshuka Inyala.
Nafasi kati yao?
Chukua unywele, upasue mara elfu saba.
Kipande kimoja.

Na hapa kwetu hewa ni haba.
Wageni wa pwani wanahema wakipanda Forest;
kichwa nacho kinaelea chini zaidi
kuliko ambavyo kingeelea Tanga.
Aliyelichora jani alilijua hilo.
Hakuijua Mbeya, lakini alijua
pana mji mahali fulani, juu, kwenye ukungu,
na mtu ndani yake anayehesabu mvua.
Akatuachia akiba.

Ila tetemeko hakulikatia posho.
Usiku ule jani liliruka, likarudi kwa kofi.
Kofi moja tu. Ulimi ukapinda.

Nilinunua diski pacha Tunduma,
kwenye duka la intaneti lililofungwa, elfu kumi na tano.
Nikahamisha mkono mzima, pumzi nimeibana,
vipande vya karatasi ya plastiki kati ya vichwa
visibusiane.
Jasho lilinitoka, na kulikuwa na baridi ya Juni, ile inayouma masikio.

Ikazunguka.
Haikulia ka.
Mwaka wa kwanza ukaja, wa pili, wa tatu,
mvua ikawa inanyesha kwenye kioo changu, safu kwa safu,
namba tupu, na mimi nimesimama kama niliyelowa.

Jani lililopinda nimelitia kwenye kiberiti.
Wateja wakiniuliza ni nini, nawaambia jino.

Machi moja tu haikurudi.
Mwalimu alipokuja nilimwonyesha pengo.
Akavua miwani, akaipangusa kwa tai.
"Machi ile naikumbuka," akasema.
"Korongo lilibeba mbuzi wawili wa Mama Tusekile."
"Sasa niandike milimita ngapi?"
"Andika mbuzi wawili."